Bali Ulijifunga Kikoi, Tongoni Ukapanda Juu ya Kaburi

Wadau, leo sina habari ya nani kaachana na nani. Nina dukuduku la tangu mwezi uliopita na nisipolitoa litanipasua. Jina sitaji. Mwenyewe akisoma atajijua, na nyie mnaoshinda kwenye ukurasa wake mtamjua kabla sijafika mbali. Naomba na nyie msimtaje kwenye komenti. Sitafuti kesi, wala sitafuti kiki.

Mliona wote. Staa wetu yuko Bali, Indonesia, anakula bata. Siku moja tu, picha kumi na nne. Asubuhi yuko hekalu la Lempuyang, pale penye lile lango lililopasuka katikati, mlima Agung nyuma, chini kuna ziwa linalong'aa kama kioo. Mchana yuko kwenye matuta ya mpunga ya Tegalalang, kapanda bembea, gauni jekundu linapepea juu ya kijani. Jioni yuko Tanah Lot, hekalu lililokaa juu ya mwamba baharini, jua linazama mgongoni kwake. Kajifunga kitambaa kiunoni kama kikoi chetu, kafunga na mshipi wa njano, viganja vimekutana kifuani, macho kayafumba. Chini kaandika kwamba huko amejifunza heshima, halafu akamalizia: "Bongo vitu kama hivi tutavipata wapi?"

Komenti zikamiminika. "Malkia." "Umetuwakilisha." "Huku kwetu kuna vumbi tu dada."

Sawa. Sasa na mimi niseme.

Mimi nimezaliwa Mwera, wilaya ya Pangani. Kwa asiyepajua: ukitoka Tanga mjini unashuka kusini kama kilomita 50 mpaka Pangani, unavuka mto kwenda Bweni, unapanda bodaboda, unapita mkonge, unapita minazi, umefika kwetu. Ukikata kuelekea baharini unaibukia Ushongo, ufukwe ambao ukiwekwa kwenye kalenda utasema ni Maldives.

Na huyu dada hawezi kusema hapajui. Alikuja. Mwaka jana, na timu yake ya watu saba, kushuti video. Walimkodi binamu yangu kwa gari na mjomba wangu kwa boti, na mimi nilikuwa likizo nyumbani nikadandia safari. Kwa hiyo ninachoandika hapa sikuhadithiwa. Nilikuwepo kuanzia asubuhi mpaka jioni. Siku moja, kama ile ya Bali.

ASUBUHI: AMBONI

Tulianzia mapango ya Amboni, kilomita kama nane kutoka Tanga mjini, njia ya kwenda Horohoro. Mapango ya mawe ya chokaa, giza la kukata kwa kisu, popo juu, na maumbo ambayo maji yameyachonga kwa mamilioni ya miaka. Ndani kuna sehemu ya mzimu. Watu wa tangu zamani wanakwenda kuomba pale: anayetafuta mtoto, mwenye mgonjwa, mwenye deni. Utakuta chupa za marashi, ubani, vitambaa, sarafu.

Kijana mmoja wa kamera akazisogeza zile chupa kwa mguu. Kwa mguu, jamani. "Toa huu ushirikina, unaniharibia fremu." Watu wakacheka. Staa naye akacheka, akasema anaogopa kurogwa. Kiongozi wa msafara, yule kijana anayeshika tochi, akainama kimya akazirudisha chupa moja moja mahali pake.

Sasa rudi kwenye zile picha za Bali, picha ya nne. Kapiga magoti pembeni ya kijikapu cha makuti chenye maua, wali kidogo na udi unaofuka, kile ambacho Wabali wanakiweka chini kila siku kama sadaka. Kapiga picha kwa karibu kabisa, taratibu, kama anapiga mtoto aliyelala. Akaandika maneno ya "nguvu za kiroho" na "amani ya ndani".

Dada yangu, naomba unieleweshe mimi mjinga. Udi wa Bali ni amani ya ndani, ubani wa Amboni ni ushirikina? Wali kwenye jani la mgeni ni utamaduni, marashi kwenye jiwe la bibi yako ni uchawi? Mimi ni Mwislamu, tambiko sifanyi, na ukiniuliza nitakwambia sikubaliani nalo. Lakini kutokukubaliana na jambo hakunipi ruhusa ya kupiga teke maombi ya mwanamke aliyetoka Mkinga kwa basi kuja kulilia mtoto. Na kama dini yako inakukataza mizimu, mbona Lempuyang ulifumba macho?

SAA NNE: TONGONI

Kutoka hapo tukashuka njia ya Pangani mpaka Tongoni, kilomita kama 20 kusini ya Tanga mjini. Pale kuna magofu ya msikiti na makaburi 40 hivi ya Waswahili wa karne ya 14 na 15. Makaburi ya nguzo, yaliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kwenye nguzo bado unaona mashimo ya duara yalipopachikwa mabakuli ya kauri kutoka ng'ambo. Fikiria, kabla Vasco da Gama hajakatiza maji haya mwaka 1498, wazee wetu walikuwa wanafanya biashara na dunia na wanazikana kwa heshima hiyo. Nguzo nyingi zimeshaanguka. Watu bado wanakuja kusoma dua.

Staa akapanda juu ya kaburi na viatu vya soli ndefu. Madansa wawili wakakaa kwenye kaburi la pili wamening'iniza miguu. Muziki ukafunguliwa.

Mzee mmoja wa kijijini, kanzu yake imefuliwa mpaka imekuwa nyembamba kama karatasi, akasogea. Hakupiga kelele. Akasema, "Mwanangu, hapo amelala mtu."

Jibu alilopewa nalikumbuka neno kwa neno: "Mzee, huyo kashakufa zamani. Tutakutoa hela ya soda."

Yule mzee hakuchukua hela. Alisimama pale, akageuza uso upande wa baharini mpaka wakamaliza.

Wahenga wanasema mcheza kwao hutunzwa. Sawa, lakini hawakusema acheze juu ya makaburi ya kwao.

MCHANA: MAZIWE

Tukafika Pangani mjini mchana. Mji ule una historia ya kutosha kujaza filamu kumi. Misafara ya pembe na ya watumwa iliishia hapa. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani vilianzia hapa mwaka 1888, na hapa hapa ndipo walipomnyonga, Desemba 1889. Staa alipiga picha moja mbele ya mlango wa kuchonga, akauliza kama kuna sehemu yenye kiyoyozi.

Halafu boti. Mjomba aliwapeleka Maziwe, kisiwa kilichoko kilomita kama nane kutoka Pangani. Nasema kisiwa kwa mazoea tu. Zamani kilikuwa kisiwa kweli, kina mivinje, na kasa wa aina zaidi ya moja wanapanda kutaga. Wazee wanasema miti ilikatwa, mchanga ukakosa wa kuushika, bahari ikaula. Mwaka 1981 eneo lilipotangazwa kuwa hifadhi ya bahari, miti yenyewe ilikuwa imekwisha. Leo maji yakikupwa linatokea fungu la mchanga mweupe katikati ya bahari, maji yakijaa hakuna kitu, linazama lote. Kasa bado wanakuja. Wanataga kwenye mchanga ambao baada ya saa chache uko chini ya maji. Ndiyo maana watu wa Ushongo wanayahamisha mayai, wanayafukia upya ufukweni kwao na kuyalinda mpaka yaanguliwe. Mnyama hajui kwamba kisiwa alichozoea kimekufa. Binadamu ndiye anayemsaidia.

Mjomba aliwaeleza yote hayo. Mmoja akasema "waoo". Wakabishana kuhusu ada ya hifadhi. Ilipofika saa kumi na nusu mjomba akasema tuondoke, maji yanajaa. Wakasema subiri, tunataka jua la jioni. Mjomba akasema fungu linazama. Wakasema wamelipia. Tuliondoka maji yako magotini, boti inarushwa na mawimbi, dansa mmoja analia. Nyuma yetu chupa za plastiki zilikuwa zinaelea, nilizihesabu tisa.

Na hawakuwa wamelipia. Makubaliano yalikuwa laki mbili, walitoa elfu themanini. Iliyobaki, meneja alisema, "Tutakutagi, mzee. Unajua hiyo ni thamani ya shilingi ngapi?"

Mjomba ana simu ya tochi. Akaniuliza, "Tagi ndiyo nini?" Nikamweleza. Akafikiri kidogo akasema, "Petroli inauzwa kwa tagi wapi, nikanunue huko?"

Mpaka leo hajalipwa. Hata hiyo tagi hakuipata. Ile video ilipotoka, chini pameandikwa kuwa imepigwa "sehemu ya siri".

HESHIMA AU WOGA?

Sasa nije kwenye hoja, maana najua mmeshaanza kuandika kwamba nina wivu.

Sina ugomvi na mtu kwenda Bali. Nenda. Hela yako, miguu yako. Nikipata nauli na mimi naenda, na nitapanda bembea. Ugomvi wangu ni neno "heshima". Wewe Bali hukujifunza heshima, ulikutana na sheria. Bila kitambaa kiunoni, mlango wa hekalu hupiti, na wanakuazima hapo hapo getini. Tangu Februari 2024 kila mgeni kutoka nje anatozwa rupia 150,000, karibu dola 10, kwa ajili ya kulinda utamaduni na mazingira ya kisiwa. Mwaka 2022 dada mmoja Mrusi wa mitandaoni alipiga picha za utupu kwenye mti wao mtakatifu unaosemwa una miaka 700. Walimfukuza nchini yeye na mumewe. Mwaka uliofuata serikali ya jimbo ikatoa orodha ya nini mgeni afanye na nini asifanye.

Kwa hiyo ulilipa, ulijifunga, ulivua viatu, uliinamisha kichwa. Tongoni hapakuwa na askari wala wa kukufukuza nchini, palikuwa na mzee na neno moja, "mwanangu". Ukapanda. Anayeheshimu pale tu anapoweza kufukuzwa, huyo anaogopa. Heshima tungeiona siku ile mbele ya yule mzee.

Na kwa wale mnaolia kwamba kwetu hakuna kitu, niwape umbea kidogo. Lile ziwa la Lempuyang halipo. Pale chini ni sakafu ya kawaida. Kuna jamaa anakaa na kipande cha kioo, anakiweka chini ya kamera ya simu yako, ndiyo "ziwa" linatokea. Watu wanapanga foleni kwa saa kadhaa wameshika namba kama hospitali, kwa ajili ya kioo. Yaani Watanzania mnalilia ziwa la kioo wakati Maziwe ina bahari nzima, na mmeitupia chupa.

Nalo shamba la mpunga ulilobembea juu yake mtu hakulipanda kwa ajili ya gauni lako. Yale matuta yanaishi kwa sababu ya subak, vyama vya wakulima vya kugawana maji, vya zaidi ya miaka elfu moja. Maji yanatoka juu, yanapita kwenye mahekalu ya maji, wakulima wanakaa kikao, wanakubaliana nani afungue mfereji lini. UNESCO waliuingiza mfumo huo kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2012. Uzuri unaouona ni watu kushikamana kwenye zamu ya maji.

Hiyo nayo tunayo. Upareni kuna ndiva, mabwawa ya jadi yanayokusanya maji usiku na kufunguliwa mchana kwa zamu. Uchagani kuna mifongo. Nenda Lushoto uone milima ilivyokatwa matuta, shuka Mombo uone mpunga umelala chini ya Usambara kama zulia. Maji ya upande huo yanaungana na Mto Pangani, ule ule unaoanzia Kilimanjaro na Meru na kuishia kwetu. Yakitumika vibaya huko juu, sisi huku mwisho tunaonja: mto unapungua nguvu, maji ya chumvi yanapanda kutoka baharini, minazi na mashamba ya kando yanaumia. Sisi watu wa huku hatuhitaji kwenda Bali kuambiwa kwamba tuta la mpunga na hekalu ni kitu kimoja. Tunahitaji mtu mwenye wafuasi milioni aseme hivyo mara moja tu.

NA MIMI PIA

Msidhani najitoa. Nikiwa darasa la sita tulipelekwa Tongoni ziara ya shule, nikachora jina langu kwa msumari kwenye ukuta wa msikiti. Nilikwenda kulitafuta siku ile ya video. Bado lipo. Kwa hiyo simnyooshei mtu kidole huku mikono yangu ni misafi.

Na kuna jambo la aibu zaidi. Siku ile mzee aliposema "hapo amelala mtu", mimi nilikuwa nimesimama hatua tano tu kutoka pale. Ni mtoto wa kule, ningeweza kusema "dada, shuka". Sikusema. Nilikuwa nasubiri selfi na staa. Nikaipata, nikaiposti, nikapata laiki nyingi kuliko siku yangu ya kuzaliwa. Mzee yuko nyuma kwenye picha, kageuka upande wa baharini.

Ile picha nimeifuta wiki iliyopita. Hii makala ndiyo ile "dada, shuka" niliyoimeza.

Kwa hiyo dada yangu, sikutukani na wala sisemi tukususie. Nakwambia mambo matatu. Kwanza, laki moja na elfu ishirini ya mjomba. Meneja wako ana namba yake, ile simu ya tochi inapokea pesa vizuri tu. Pili, futa kipande cha makaburini kwenye ile video, dakika mbili za kazi. Tatu, rudi. Kweli kabisa, rudi, na kile kitambaa cha Bali ukivae. Nenda Tongoni umsalimie mzee "shikamoo", uvue viatu, ukae chini akusimulie. Nenda Ushongo msimu wa kasa, uwaone watoto wadogo kama kiganja wanavyokimbilia maji. Piga picha zako kumi na nne. Andika mahali panaitwaje. Usiandike "sehemu ya siri".

Na nyie mlioandika "kwetu vumbi tu", Tanga mjini mpaka Tongoni nauli haifiki bei ya kifurushi mnachochomea kumwangalia huyu. Wenyeji wana msemo, Tanga waja leo waondoka leo, na ni utani, maana mgeni akishaonja bada na samaki wa nazi haondoki. Sisi tumeugeuza ukawa kweli. Tunakuja leo, tunaondoka leo, na chupa tunaziacha.

Maziwe ilikuwa na miti. Kuna watu wako hai Pangani leo waliokaa kwenye kivuli chake. Haikuzamishwa na mchawi wala mkoloni, ilizama watu wakiwa na jambo jingine la kuangalia.

Haya, uwanja wenu. Matusi kwangu ruksa, kwa mzee wa kanzu hapana.